Figo za Mfaume

Kila mmoja wenu amenivuta pembeni kwa wakati wake, kwa muuza kahawa, kwa kinyozi, hata msibani, akitaka kujua ni nini kilichotokea China hadi Mfaume akarudi amekonda na kontena lake likafika nusu tupu. Nimesimulia vipande vipande, na sasa vipande hivyo vinanirudia vikiwa na mikia ambayo si mimi niliyeiotesha. Juzi nimesikia kwamba Mchina alitaka kumwibia figo. Hakuna aliyetaka kuiba kitu. Basi naandika mara moja, kwa utaratibu, na Mfaume mwenyewe amesema niandike yote, likiwamo lile la mwisho.

Habari za pasi, viza na tiketi naziruka. Hizo mnazijua, au mtazijua siku yenu ikifika.

Dar es Salaam hadi Bombay

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kufukuzwa, bali kwa kutokukalika. Tangu hapo nimechimba madini Mererani, nimeuza saa Mombasa, na kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote nimesafisha matumbo machinjioni Vingunguti. Kila nilipoondoka, niliondoka kwa sababu nilikwisha kuona palivyo. Mfaume, kwa wale wasiomjua, anauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, mtu wa miraba minne, mcheshi. Alinijia akasema, "Shebe, nataka mtu wa kubeba na wa kuangalia. Mdomo nitatumia wangu." Sikuuliza kwa nini mtu mwenye kifua kama kabati ahitaji wa kumbebea. China nilikuwa sijaiona, hiyo ilinitosha.

Bombay ndege ya kuunganisha iliondoka tukiitazama kupitia kioo. Tukaambiwa tusubiri nyingine, na hakuna aliyetaka kusema itakuja lini. Tuliketi karibu na bibi mmoja wa Kigujarati aliyetusikiliza kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili safi kuliko chetu, "Nyie wa Dar mnaongea kama mnagombana." Kumbe amezaliwa Tanga. Akafungua kopo, akatulisha chapati za manjano zenye majani ya uwatu, na achari ya ndimu iliyonitoa machozi. Tukawa wajukuu zake.

Baada ya chapati akamgeukia Mfaume. "Wewe baba, nimekuangalia. Unakwenda chooni kama mtoto mchanga. Umepima?"

"Ni hii baridi ya ndani, mama."

"Baridi? Mimi na uzee huu mbona sijainuka? Kapime figo."

Mfaume alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati kama redio iliyoishiwa betri. Akachukua begi lake, akaenda kukaa upande mwingine wa ukumbi. Bibi akaniuliza kimya kimya, "Nimesema nini?"

Nilimweleza, na nanyi nawakumbusha. Kaka yake Mfaume, Rashidi, alikufa kwa figo mwaka uliotangulia. Alivimba uso na miguu. Hospitali walimkataza chumvi, wakampimia maji kwa kikombe kidogo, akawa analamba barafu. Mfaume alikuwa akimwuguza zamu kwa zamu na Saumu, mke wa marehemu. Na tangu arobaini ya Rashidi, Mfaume hakukanyaga tena nyumba ile ya Magomeni. Unga na sukari ya mjane na mayatima alikuwa akinipa mimi nipeleke. Nilidhani ni uchungu. Watu wana namna zao za kuomboleza.

Hong Kong, kisha treni

Hong Kong ilikuwa imerudishwa kwa Wachina mwaka uliopita, lakini mpaka ulikuwa bado mpaka, na mtu alipanga foleni kama kawaida. Tulilala Kowloon katika chumba ambacho mlango ukifunguliwa unagonga kitanda. Jioni tuliingia mgahawani, tukaonyesha picha ya samaki ukutani. Akaja kijana na beseni lenye samaki hai anayepiga mkia, akatuwekea mbele ya uso, akangoja. Mfaume akasema, "Mwambie sisi wasafiri, hatuna jiko." Tukamkataa samaki yule kwa ishara za mikono, kijana akarudi na mwingine mkubwa zaidi. Tulipomkataa huyo pia, akaja mwenye mgahawa mwenyewe, uso umesawijika. Ndipo mteja wa meza ya pili akatufahamisha kwamba huo ni uungwana wao: mgeni anamkagua samaki akiwa mzima ndipo apikwe. Tulimla kwa aibu. Alikuwa mtamu sana.

Katika treni ya kwenda Guangzhou alikaa mbele yetu mama mmoja mwenye mfuko wa mbegu za alizeti. Alizibangua kwa meno bila kuziangalia, maana macho yake yote yalikuwa kwa Mfaume. Alimtazama kama mtu anayenunua kuku. Kisha akajigusa chini ya macho yake mwenyewe, akanyoosha kidole chini ya macho ya Mfaume, ambako ni kweli palikuwa peusi kama pamepakwa masizi. Akamwita jirani. Jirani akavaa miwani, akainama, akakubali. Akaja mkaguzi wa tiketi, naye pia akakubali. Wote watatu wakawa wanajipiga ngumi nyepesi kiunoni, kwa nyuma, na kusema jambo lile lile.

"Wanasema nimechoka na safari," alisema Mfaume.

Yule mama akampa konzi ya peremende za ufuta mweusi na hakuondoa macho mpaka alipoziona zimeingia kinywani. Mimi hakunipa hata moja. Nilishangaa, nikaona ni upendeleo tu.

Majora ya Zhongda

Gesti yetu ilikuwa karibu na Barabara ya Zhanqian, na asubuhi tulivuka mto kwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa. Sijui niwaelezeje. Chukueni Kariakoo yote, ondoeni kila kitu kisicho kitambaa, kisha iongezeni hadi miguu ikatae. Mikokoteni imebeba majora marefu kuliko mtu, na anayesukuma hapigi honi, anapiga kelele tu, nawe unaruka.

Mkalimani wetu alikuwa Othman, kijana wa Pemba aliyekuwa akisomea uhandisi huko. Siku asizokuwa na masomo aliwasemea wafanyabiashara. Mfaume alimwita mwanangu, naye akamwita Mfaume ami. Alitupeleka kwa Bosi Liang, mwanamke mfupi mwenye kalkuleta iliyofungwa kamba shingoni. Bei ilizungumzwa kwa kalkuleta: yeye anabonyeza, Mfaume anafuta, anabonyeza yake, Bosi Liang anashika kifua kama amechomwa kisu, anasema "Meiyou," yaani hakuna, haipo, kisha anabonyeza tena kidogo chini ya pale. Wote wawili walikuwa wanafurahi.

Mfaume alipiga goti kuangalia mfumo wa pazia moja la rangi ya maziwa. Hakuinuka.

"Ami, vipi?" Othman akauliza.

"Mgongo tu. Nipe dakika."

Jasho lilimtoka. Bosi Liang akaiacha kalkuleta ining'inie, akazunguka nyuma yake, akambonyeza kiunoni kwa vidole gumba viwili, pale pale walipojipigia watu wa treni. Mfaume, mbele ya duka zima, akatoa sauti ambayo sijapata kumsikia mtu mzima akiitoa.

Bosi Liang akasema maneno mengi. Othman akatafsiri machache. "Anasema shangazi yake ni daktari wa dawa za Kichina. Anasema hakuuzii hata mita moja mpaka uende."

"Mwambie mimi mteja, si mgonjwa."

"Anasema hataki maiti juu ya vitambaa vyake, ami. Vyeupe vile havifutiki."

Kwa Mama Ou

Mtaa wa dawa unausikia kwa pua kabla ya kuuona: harufu ya udongo, ya mizizi, ya karafuu mbichi, na ya kitu cha baharini kilichokauka. Magunia wazi yalijaa vitu nilivyovijua kama wadudu, si kama dawa. Tandu wamefungwa mafungu mafungu kama mchicha. Nyoka wamezungushwa kama kamba. Pembe changa za paa zimekatwa vipande vyembamba kama kaki. Nilitembea mdomo wazi hadi Othman akaniambia niufunge.

Shangazi mtu aliitwa Mama Ou. Nilitegemea mzee wa ndevu. Nilikuta mama wa makamo aliyevaa sweta la bluu na vifuniko vya mikono kama karani, anamenya chungwa. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa wa madroo madogo. Hakumwuliza Mfaume anaumwa nini. Aliufuta mkono wake, akauweka mkono wa Mfaume juu ya kimto, akaweka vidole vitatu juu ya kifundo, akanyamaza.

Akanyamaza kwa muda ambao kuku angechinjwa na kunyonyolewa. Kisha akataka mkono wa pili.

"Kwani ana mioyo miwili?" nikamnong'oneza Othman.

"Kila kidole kinasikiliza kiungo chake. Upande huu moyo, ini, figo. Upande ule mapafu, bandama, na figo tena."

"Kwenye mkono?"

"Usinitazame mimi. Mimi nasomea madaraja."

Akataka ulimi. Mfaume akautoa, akaangaliwa ulimi juu na chini, ndipo maswali yakaanza.

"Masikio yako yanalia?"

Mfaume akanitupia jicho, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Yanalia. Kama nyenze."

"Magoti yana baridi?"

"Yana baridi."

"Usingizi unakatika kwa mkojo?"

"Unakatika."

"Nywele zinaanguka?"

Mfaume akavua kofia. Hakukuwa na haja ya kutafsiri. Nimesafiri na mtu huyu siku zote hizi bega kwa bega, nimemfahamu miaka, na mama huyu kwa vidole vitatu anajua mambo ambayo sikuyajua.

"Unaogopa nini?" akauliza Mama Ou.

"Mimi?" Mfaume akacheka. "Mwambie namwogopa Mungu. Na mama mkwe."

Othman akatafsiri. Mama Ou hakucheka. Akaandika, akasema kwa upole, na Othman akatupa kama alivyopewa: "Anasema ugonjwa wako uko kwenye figo, ami. Figo zako zimepungukiwa nguvu, na si leo. Anasema figo ndiyo mzizi wa uhai. Usipozitunza, mengine yote yatafuata."

Binti wa dukani alikuwa ameanza kupima mizizi kwenye mizani ndogo. Mfaume akavaa kofia yake, akaiweka sawa mara mbili, akasema, "Mshukuru sana," akatoka. Dawa aliiacha juu ya meza.

Gesti

Alilala kitandani na nguo zake, akatazama dari. "Ndiyo hiyo hiyo, Shebe," alisema. "Damu moja, ugonjwa mmoja."

Nilimwambia huyu mama hakupima mkojo wala damu. Akanijibu, "Na masikio alijuaje?" Nilimwambia twende hospitali. Akasema, "Rashidi alikwenda hospitali."

Tangu hapo akajitibu mwenyewe kama alivyoona kaka yake akitibiwa. Hakula chumvi. Hakula nyama. Maji hakunywa, na Guangzhou ile ilikuwa na joto la kulowesha shuka. Akaniagiza barafu, akawa analamba kipande kimoja, kinachobaki anarudisha kwenye bakuli. Nilimletea chai, akaisukuma. "Unataka nivimbe?"

Majora tuliyokwisha kuchagua aliniagiza niyalipie yapakiwe. Yaliyobaki aliyafuta. "Nusu inatosha. Nani atayauza?" Alinieleza nani achukue duka, nani asiachiwe funguo hata akilia. Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa agizo la vitumbua, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Siku iliyofuata midomo ilikuwa imepasuka, na mkojo uliokuwa ukimwamsha haukuja tena. Yeye aliona ni figo zimefunga. Mimi pia niliona hivyo hivyo. Asubuhi baada ya hiyo nikamwacha amelala, nikamtafuta Othman chuoni kwake, nikamwambia twende tukamwulize yule mama swali moja tu.

Figo isiyo nyama

"Mwulize amebakiza muda gani," nilisema.

"Muda wa nini?" akauliza Mama Ou.

"Wa kuishi."

Akaweka chini kikombe chake. Othman akarudia, akidhani ametafsiri vibaya. Hakuwa ametafsiri vibaya. Mama Ou akaniuliza, nani amesema mtu huyu anakufa? Nikasema, wewe.

"Nilisema figo zake zimepungukiwa nguvu. Nusu ya wanaume wa mtaa huu figo zao zimepungukiwa nguvu. Wanakunywa supu, wanalala mapema."

"Mtu mwenye figo mbovu hafi?"

"Sikusema mbovu." Akafikiri, akaanza tena kama anayemfundisha mtoto, na Othman akawa anatoka jasho akitafuta maneno. Mwili, alisema, ni kama nchi. Moyo ni mfalme, na akili inakaa kwake. Ini ni jemadari: linapanga, na likibanwa linatoa hasira. Mapafu ni waziri, yanatawala pumzi na ngozi, na huzuni hukaa humo. Bandama ni ghala. Ndiyo inayogeuza chakula kuwa nyama ya mwili, na mtu akiwaza sana ghala linaoza. Figo ni msingi chini ya yote. Humo ndimo ulimowekwa mtaji tuliopewa na wazazi siku tulipotungwa. Figo zinashika mifupa, kiuno, masikio, nywele za kichwa, baridi, maji. Na hofu.

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. "Mwambie nimefanya kazi machinjioni. Nimefungua mbuzi na ng'ombe wasiohesabika. Figo nazijua. Zina mrija wa kwenda kwenye kibofu. Hakuna mrija wa kwenda sikioni."

Mama Ou alionekana kuvutiwa. "Ulipowafungua walikuwa hai?"

"Walikuwa wamechinjwa."

"Basi uliona kilichobaki. Kazi ilikuwa imekwisha kuondoka. Mimi natazama kazi."

"Bila kuona kiungo?"

"Kuna kimoja hakionekani kabisa." Akapitisha kiganja kutoka kifuani, tumboni, hadi chini ya kitovu. Mahali patatu, alisema, na pote patatu ni kiungo kimoja, kinachopitisha joto na maji mwili mzima. Kina jina, kina magonjwa yake, kina dawa zake. Umbo hakina. Hakuna kisu kilichowahi kukikuta.

Nilikaa chini. Nimeona mengi, lakini kiungo kisicho na nyama sikuwahi. Nilijaribu kukumbuka ng'ombe mzima, kutoka ulimi hadi mkia, nikijiuliza tulikuwa tunakitupa wapi.

"Tazama," Othman akaniambia, sasa akijisemea yeye mwenyewe. "Kwetu mtu akisema fulani kanikata maini, unampeleka hospitali? Unajua ini lake lipo zima. Na unajua pia kwamba kweli ameumia. Hawa wamechukua jambo hilo wakalifanyia hesabu, wakalitengenezea dawa. Ndivyo ninavyoelewa mimi. Na mimi nasomea madaraja."

Mama Ou akauliza, "Sasa hivi anakunywa nini?"

"Hanywi kitu."

"Dawa hakuchukua, najua. Nauliza maji."

"Hata maji. Kaka yake alikufa kwa figo, alikatazwa maji. Naye ameacha. Tangu siku ile."

Othman alipomaliza kutafsiri, Mama Ou alikuwa tayari amesimama anatafuta viatu vyake chini ya meza.

Hospitali

Bosi Liang alikuja na gari lake la kubebea majora. Tulimkuta Mfaume gesti, miguu imekakamaa, vidole vya miguu vimejikunja, akiniita Rashidi. Nilitegemea Mama Ou atashika tena mkono na kunyamaza. Hakushika mshipa. Aliibana ngozi ya juu ya kiganja kwa vidole viwili, akaiachia, ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akasema neno moja, na Othman akasema, "Hospitali. Sasa hivi."

"Si ana madawa yake?" nikauliza.

"Anasema mizizi inachemka taratibu. Huyu hana wakati wa kungoja sufuria."

Tulimlaza nyuma ya gari juu ya pazia lile lile la rangi ya maziwa. Bosi Liang aliendesha akipiga honi kwa kiwiko na hakusema lolote kuhusu vitambaa vyake.

Hospitali ilikuwa na jambo lililonishtua upya: dirisha la kushoto linatoa vidonge, dirisha la kulia linatoa mizizi na magome, na watu wanapanga foleni zote mbili bila kugombana. Daktari kijana alimtundikia Mfaume dripu, akachukua damu, na ulipopatikana mkojo akauchukua pia. Baadaye akampaka mafuta ubavuni, akamwekea mashine ya kutazama ndani. Nilisogea. Kwenye kioo, katika mvua ile ya nukta nyeupe, nikaziona. Nilizijua mara moja, umbo lile lile la Vingunguti, moja upande huu na moja upande ule, zimetulia.

"Nzima," Othman akatafsiri. "Zote mbili. Mwili ulikuwa umeishiwa maji tu. Anauliza, ni nani aliyemkataza maji?"

Nikamwonyesha Mfaume mwenyewe.

Mfaume aliporudiwa na fahamu zake na kuelezwa, hakufurahi kama nilivyofikiri. Alimtazama daktari kijana upande mmoja wa kitanda, akamtazama Mama Ou upande wa pili, aliyekuwa hakuondoka. "Huyu anasema figo zangu nzima. Huyu alisema dhaifu. Mmoja ananidanganya."

Mama Ou alisikiliza tafsiri. "Huyu amezitazama, na amesema kweli. Mimi nilikuuliza swali, ukanijibu kwa mzaha. Sasa nakuuliza tena. Unaogopa nini, na tangu lini?"

Mfaume aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, "Othman, mwanangu, haya usiyatafsiri."

Akatuambia. Rashidi alipokuwa angali anakaa kitandani, madaktari walimwambia India kuna njia: ndugu anaweza kumpa figo moja. Siku moja Rashidi alimwita chumbani, akafunga mlango, akamwambia, wewe unazo mbili. Mfaume akasema nitafikiri. Wiki zikapita. Kila alipoingia na uji, Rashidi alimtazama bila kuuliza, na Mfaume alizungumza habari za mpira. "Nilikuwa naogopa kisu," alisema. "Nilifikiri, nikafikiri, nikafikiri mpaka akafa."

Mimi niliyekuwa nikipeleka unga Magomeni mwezi baada ya mwezi, nilikuwa sijui nabeba nini. Othman alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Ou hakuuliza amesema nini. Alitoa kifurushi cha dawa kutoka kwenye mfuko wake, akakiweka kando ya mto, akafunga vifungo vya sweta lake, akaenda zake.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi, au sikuyaona. Mfaume alikunywa maji kila alipopewa. Dawa ya mizizi tuliichemsha Hong Kong kwa jiko la mwenye gesti, ambaye alitaka kutufukuza kwa harufu yake. Alikunywa ile pia, amefumba macho. Aliniambia mara moja tu, juu ya bahari, "Yule mama alijua kwa mkono." Nikamwambia labda kwa uso. Akasema, "Labda."

Tulipofika Dar hakutaka kwenda kwake. Tulikwenda moja kwa moja Magomeni tukiwa na mabegi. Nilitaka kubaki nje, akanishika mkono wa shati.

Saumu alikuwa anachambua mchele. Alipomwona Mfaume mlangoni alishtuka hadi ungo ukainama. "Karibu, shemeji," alisema, bila kumtazama. "Umepotea."

"Shemeji, nina neno." Mfaume alibaki amesimama. "Rashidi aliniomba figo. Nikamzungusha mpaka akafa. Nimekuja kukwambia, kisha ukitaka unifukuze."

Saumu aliendelea kutoa chuya. Alitoa moja, akatoa ya pili. "Najua alikuomba. Mimi ndiye niliyemwambia akuite."

"Wewe?"

"Aliniomba mimi kwanza." Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mchele. "Mimi mkewe. Nikamwambia nina watoto wadogo, nikifia kwenye meza ya upasuaji nani atawalea. Nikamwambia mwite mdogo wako, ana kifua. Mzigo nikakutupia wewe."

Mfaume akauliza, "Mbona hukuniambia, siku zote hizi?"

"Nilidhani alikwambia kuwa mimi nilikataa kwanza. Nilidhani ndiyo maana huji."

Mfaume aliweka begi lake chini, akaketi sakafuni pale pale mlangoni.